Mastazi ya biashara: yanayosemwa barazani Tanga na yalivyo

Tangu meli zianze kufunga gatini Bandari ya Tanga badala ya kutia nanga mbali na kushushiwa mizigo kwenye matishari, na tangu lianze kujengwa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, vijana wa hapa wenye digrii ya kwanza wamekuwa na swali: nikasome mastazi gani ya biashara? Swali lina maana. Majibu wanayopewa kwenye baraza za kahawa za Ngamiani ndiyo yanayonitia wasiwasi, kwa sababu mwenye sauti kubwa barazani si lazima awe ndiye aliyesoma.

"MBA ndiyo mastazi yenyewe, nyingine ni za waliokosa"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu vijana wengi. MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ilianza Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1908, na kwa jinsi inavyofundishwa leo, imekusudiwa mtu ambaye tayari amefanya kazi. Sehemu kubwa ya masomo ni kujadili visa: kiwanda kimepandisha uzalishaji lakini faida imeshuka, mameneja wawili hawaelewani, benki inadai. Wewe ungefanya nini? Aliyewahi kusimamia zamu ya upakuaji, au aliyehangaika na wakala wa forodha kwa ajili ya kontena lililokwama, ana la kuchangia. Aliyehitimu juzi atanukuu kitabu, na wenzake wataangalia saa. Tena wenzake hao ndio sehemu ya kile alicholipia, kwani MBA nzuri hufundishwa nusu na mwalimu, nusu na waliokaa jirani yako.

Ndiyo maana AMBA, chama cha London kinachothibitisha ubora wa programu hizi, hutaka anayeingia awe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka mitatu. Harvard na Wharton, shule nyingine ya biashara ya Marekani, wastani unakaribia miaka mitano.

Kwa aliye mwanzoni mwa safari kuna njia nyingine ambayo hapa kwetu haitajwi sana: shahada ya uzamili ya menejimenti, ambayo kwa kifupi huitwa MiM. Imekomaa zaidi Ulaya, katika vyuo kama HEC Paris, St. Gallen na London Business School, na huwapokea watu wasio na uzoefu au wenye uzoefu mdogo. Inaanzia chini: uhasibu, masoko, takwimu, uongozi wa watu. Inamfaa mhandisi wa pale kiwanda cha saruji, au aliyesomea kilimo akaajiriwa shamba la mkonge, kisha akagundua kwamba maamuzi yote hufanywa na wanaosoma mahesabu. Ila kama digrii yako ya kwanza ni ya biashara, utarudia mengi unayoyajua. Wewe chagua mastazi ya fani moja, iwe fedha, ugavi au uhasibu. Za namna hiyo ziko hapahapa nchini, Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) na Chuo Kikuu Mzumbe kwa mfano.

Lakini nisiisifu MiM kupita kiasi. Waajiri wengi wa hapa hawaifahamu, na ukiipeleka kwa ofisa rasilimali watu aliyezoea kuona MBA, jiandae kueleza.

"Ukisubiri umechelewa"

Hapa wazazi wana hoja, na sibishani nao sana. Soma umalize kabla majukumu hayajakuzidi, wanasema, na binti akishaolewa hesabu ya muda wake hubadilika kweli, hata kama hatupendi kukiri. Lakini kusubiri si kukaa bure. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza, kwa mfano, unadai saa 2,800 za kazi, sawa na miaka kama miwili, kwa hiyo ile kazi yako ndogo ya karani bandarini inakujengea sifa. Matokeo ya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye shule za biashara, hudumu miaka mitano, unaweza kuufanya sasa kichwa kikiwa bado cha chuo. Harvard wana mpango uitwao 2+2: unaomba ukiwa mwaka wa mwisho wa digrii, ukikubaliwa unakwenda kufanya kazi kwanza angalau miaka miwili, ndipo unaingia darasani.

Na asiyeweza kuondoka nyumbani anacho Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kituo Tanga.

"Nikirudi na mastazi, cheo kinanisubiri"

Inategemea kazi, na kwenye taaluma mbili zinazoajiri sana hapa, jibu huwa si mastazi. Mhasibu hasaini ripoti ya ukaguzi wa hesabu kwa sababu ana uzamili. Anahitaji CPA, cheti cha kitaaluma cha uhasibu, na usajili wa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Kwenye ununuzi na ugavi, bodi ya PSPTB nayo ina mitihani na usajili wake. Nimeona vijana wakichangiwa na ukoo mzima kwenda kusoma, wakarudi na kuambiwa wakafanye mitihani ya bodi, mitihani ambayo wangeifanya huku wanapokea mshahara. Mwenye digrii ya uhasibu anayeniuliza huwa namwambia amalize CPA kwanza, mastazi tutaizungumza baadaye.

"Ya nje ni bora kuliko ya ndani"

Ya nje gani? Ada tu ya MBA ya Harvard inavuka dola 70,000 kwa mwaka, na kozi ni ya miaka miwili. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili kuna vyuo vya mtandaoni vinavyouza shahada kwa bei ya bodaboda iliyotumika. Kwa vyote viwili, shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kutathminiwa kama inatambuliwa, na mahali pa kuanzia ni kuangalia kama chuo chenyewe kimesajiliwa na mamlaka ya nchi kilipo. Ukimaliza hapo, tafuta wahitimu wake wawili watatu wanaofanya kazi unayoitamani, uwaulize walikuwa na miaka mingapi kazini walipoanza kusoma, na nani aliwalipia ada.