Je, wajua kwa nini mwajiri wa Dar analipia mafunzo ya ufundi zaidi kuliko mwenzake wa Nairobi?

Ada ya VETA, mamlaka ya Tanzania yenye vyuo vya ufundi stadi, kwa mwanafunzi wa kutwa imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka, na 120,000 kwa wa bweni. Kwa Dar es Salaam, hiyo 60,000 ni kodi ya chumba kimoja uswahilini kwa mwezi, ukibahatika mwezi na nusu. Haitoshi kununua hata nondo za kujifunzia kuchomelea, sembuse umeme wa karakana na mshahara wa mwalimu. Basi wale vijana wa ovaroli wanaoshuka kwenye daladala pale Chang'ombe, kilipo chuo cha VETA, kila asubuhi, nani anawalipia?

Jibu liko kwa wahasibu. Mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo ofisini kila mtu anaiita SDL. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Mwajiri ndiye anayetoa, kwa kupigiwa asilimia ya jumla ya mishahara. Kabla ya 2013 ilikuwa asilimia 6. Waajiri wakalalamika mwaka hadi mwaka, nayo ikashushwa kidogo kidogo hadi 3.5 mwaka 2023.

Kenya nao wana tozo yao, chini ya mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA. Ila wao hawaangalii mshahara, wanahesabu vichwa: shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, awe meneja au mfagizi.

Tupige hesabu. Kampuni ya watu 20, kila mmoja analipwa 500,000. Mishahara yote ni milioni 10, kwa hiyo SDL kwa kiwango cha 2023 ni 350,000 kila mwezi. Kampuni kama hiyo Nairobi inatoa shilingi 1,000 za Kenya, ambazo kwetu ni kama 20,000. Tena mwajiri wa Kenya akimpeleka mtu wake kozi iliyoidhinishwa, anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama.

Hapo Mtanzania anaweza kuvimba kichwa kwamba sisi tunatumia zaidi kwa ufundi. Polepole. Kwa miaka mingi ni theluthi moja tu ya SDL iliyokuwa ikifika VETA. Theluthi mbili zilibaki Serikalini, na hela nyingi ya fungu hilo ikaenda kwenye mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Yaani tozo yenye jina la ufundi imesomesha wanasheria na wahasibu. Binafsi sioni ubaya wa kuwakopesha wanachuo, ila jina la tozo lingebadilishwa tu tukajua moja.

Kenya, kwa kuwa tozo yao ni ndogo, hela kubwa inatoka Hazina moja kwa moja. Kuanzia 2018 kila mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha umma alitengewa shilingi 30,000 za Kenya kwa mwaka, katika ada ya 56,420. Iliyobaki alijilipia, au akakopa bodi ya mikopo, HELB. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya wa kupima uwezo wa familia. Ukibadilisha ile ada iwe ya kwetu unapata zaidi ya milioni 1.1, na ndiyo maana ukiiweka kando ya 60,000 ya VETA inatisha. Lakini ada ya Kenya ilijaribu kuonyesha gharama halisi ya kumsomesha mtu. Ya kwetu inaonyesha tu kile anachoombwa mzazi.

Kuna mtego mwingine wa kulinganisha. Anayesaka takwimu za ufundi "baada ya sekondari" atakuta VETA inapokea aliyemaliza darasa la saba pamoja na wa kidato cha nne. Amweke fungu gani? DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, chuo cha tangu 1957, kiko upande wa vyuo vya kati na vya juu, na bajeti ya 2023 ilipotangaza kufuta ada za ufundi pale, hilo halikuwa fungu la VETA. Kenya, vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti tangu Katiba ya 2010, kwa hiyo anayesoma bajeti ya wizara ya Nairobi peke yake anavikosa.

Halafu kuna Keko, hatua chache tu kutoka Chang'ombe, kwa mafundi samani. Mwenye karakana ya watu wanne hadaiwi SDL. Anampokea kijana, anamlisha mchana, anamwachia aharibu mbao mpaka mkono ukae sawa. Baada ya miaka kadhaa kijana huyo anaweza kwenda VETA kufanyiwa urasimishaji wa ujuzi, yaani kupimwa kile alichojifunza kazini, akapewa cheti. Gharama ya cheti itaandikwa kwenye vitabu. Ya mbao ilishaingia kwenye hasara za fundi wake.