Rimu kubwa si lazima gurudumu kubwa
Wanaofufua Volkswagen Beetle za zamani huambiwa mara kwa mara kwamba wakifunga rimu ya inchi 17 badala ya 15, gari litanyanyuka na tairi zitakwaruza madigadi. Si kweli. Kipenyo cha gurudumu ni rimu pamoja na ubavu wa tairi.

Chukua 165/80R15, saizi inayoikaa vizuri Beetle. Ubavu ni asilimia 80 ya upana wa milimita 165, yaani 132. Zidisha kwa mbili, ongeza milimita 381 za rimu (inchi 15): 645. Sasa pigia hesabu 205/50R17: kama 637. Rimu imekua, gurudumu limepungua! Kwa 205/40R17 linashuka hadi 596, na spidomita, inayozungushwa na gurudumu la mbele kushoto, itakuonyesha mwendo mkubwa kuliko unaokwenda.

Kinachokwaruza mara nyingi ni upana, na mahali uso wa kufungia, yaani sehemu ya rimu inayobanwa kwenye gari kwa bolti, ulipo ndani ya rimu. Huniuma kuona mtu amenunua rimu nzuri bila kupima hilo. Pima nafasi iliyopo ndani na nje ya gurudumu, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Hesabu pia matundu ya bolti: Beetle za awali zina 5 kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 205, za baadaye 4 kwenye duara la 130.