Soli iliyoachia: mwokoaji wa kujitolea anunue nini kwanza

Buti langu la kwanza la kazi hii nililipata kwenye meza ya mitumba pale Memorial, Moshi. Ngozi safi, soli nene, halina hata mchubuko. Muuzaji aliniapia kwamba mwenyewe huko Ulaya hakuwahi kulivaa. Leo najua alisema kweli, na hapo hasa ndipo palipokuwa na kasoro.

Wiki tatu baadaye tulikuwa msituni juu ya Kibosho, saa tano usiku, tunamtafuta mzee aliyetoka nyumbani asubuhi akasahau njia. Mvua inanyesha. Soli ya kulia ikaanza kuachia kisigino, mara ikabaki kwenye tope yote nzima. Ya kushoto haikukawia kuifuata. Kiongozi wa kundi letu, mama mmoja asiyepandisha sauti, alinimulika miguuni, akanyamaza kidogo, halafu akawatoa watu wawili kwenye mstari wanisindikize kushuka. Kundi likapungua watu watatu kwa sababu ya buti langu. Mzee alipatikana alfajiri na kundi la upande wa pili, ameketi chini ya mti, baridi imemkamata lakini mzima, na neno lake la kwanza likawa kuomba chai.

Siku hizi mimi ndiye ninayewapokea wapya. Swali la kwanza ni lilelile: "Kaka, ninunue nini?" Wengi huja na picha kwenye simu: kamba za rangi, karabina (zile pete za chuma za kunasia kamba), redio, fulana yenye mifuko kumi na miwili. Nami huwauliza, tochi yako iko wapi? Wananionyesha ya simu.

Kazi ya utafutaji, kwa sehemu kubwa, ni kutembea. Unatembea, unaita, unasikiliza, unangoja amri, unatembea tena, na mtu akipatikana unambeba. Kamba, machela na mashine huja na timu yenyewe, Zimamoto au watu wa hifadhi. Hakuna anayekutegemea wewe mgeni ulete winchi. Unachotegemewa ni kutoongeza mgonjwa wa pili. Kwa hiyo fedha yako ya kwanza, hata kama ni kidogo, iende kwenye vitu vitakavyokufanya uone, usiteleze, usilowe, na urudi kwa miguu yako mwenyewe. Niliwahi kuwa mgumu mlimani, nabeba mizigo ya wageni, na sisi wagumu tulilijua hili kabla hatujasikia neno uokoaji: anayeumia njiani hubebwa na wenzake, na mzigo wake pia hubebwa na wenzake.

Basi tochi. Nunua ya kufunga kichwani, kwa sababu mikono utaihitaji kushika matawi, fimbo, na baadaye mpini wa machela. Hapa kwetu jua likizama giza haliombi ruhusa. Saa moja na robo huoni tena mizizi iliyo mbele ya kidole chako cha mguu. Usihangaike na maandishi ya kwenye boksi. Tochi ya bei ya chai na chapati iliyoandikwa lumeni 100,000, yaani kipimo cha mwanga, inasema uongo mtupu. Lumeni 200 hadi 300 za kweli zinatosha kabisa kutembea na kutafuta. Lililo muhimu ni iwake saa ngapi kabla ya kufifia, na hilo boksi halitakuambia. Iwashe nyumbani saa kumi na mbili jioni, iache mezani, uiangalie kila saa. Mimi hununua inayotumia betri ndogo za kawaida, zile zinazopatikana hata kwenye kibanda cha Mangi kijijini. Kama umepata ya kuchaji yenye betri nene za 18650, jua kwamba betri za ukubwa huo kwa kawaida hazizidi mAh 3,600 au karibu na hapo (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri hubeba). Ukiona imeandikwa 9,900, rudisha. Angalia pia alama ya IPX4 kwenda juu, maana yake inavumilia maji ya kurushiwa. Halafu ununue tochi ya pili, ndogo, hata kama ni mbaya. Ya kwanza itazimika, nayo huchagua siku.

Uongo huohuo wa namba uko kwenye pawabenki. Ya mAh 10,000 ya kweli huwa na uzito wa gramu 200 hivi. Iliyoandikwa 20,000 na ni nyepesi kama kiberiti, kimbia. Mimi huomba mizani kwa mama wa nyanya jirani ya duka. Wauzaji hunicheka, lakini nimeokoa fedha. Isipokuwa wajanja wengine hujaza mchanga ndani, kwa hiyo mizani nayo si msahafu.

Sasa tuje kwenye buti, nilipoumizwa. Katikati ya soli za buti nyingi za mlima kuna tabaka la povu la poliyurethani, laini, linalofyonza mshindo wa mguu. Povu hilo huliwa na unyevu wa hewa. Haijalishi kama buti linavaliwa au limelala kabatini. Baada ya miaka kadhaa, mara nyingi chini ya kumi, povu hugeuka unga na soli ya chini hukosa pa kushika. Ndiyo maana buti "jipya kabisa" la mtumba ni la kuogopwa kuliko lililochakaa kidogo: lile jipya linaweza kuwa limekaa miaka kumi na miwili kwenye stoo ya mtu. Kabla ya kutoa hela, likunje kwa nguvu mbele ya muuzaji. Bonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye lile povu kati ya ngozi na soli. Likiacha shimo lisilorudi, au ukiona nyufa kama za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, weka chini uendelee na safari yako. Na fundi asikudanganye kwamba atalishona. Uzi haushiki unga.

Ukikosa buti zuri la mtumba, raba ya kawaida yenye meno ni bora kuliko buti bovu. Na ukilipata, livae wiki mbili sokoni na shambani kwanza. Malengelenge ya siku ya kwanza yamewarudisha nyumbani watu wengi kuliko simba.

Gambuti nazo zina mahali pake. Kwenye tope kama lile lililoshuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, Desemba 2023, gambuti ni mali. Lakini usiingie nazo kwenye maji yanayokwenda kasi, maana yakishapita juu ya magoti hujaa, na hapo unatembea na ndoo mbili miguuni. Kwenye vifusi hali inageuka tena: adui ni msumari. Jengo lilipoanguka Kariakoo, Novemba 2024, waliofika kwanza walikuwa wafanyabiashara na wapita njia, wengi wakiwa na viatu vya kila siku. Buti la kazi lenye alama ya S3 kwenye ulimi wake lina kinga ya vidole mbele na kinga ya kuzuia msumari usipenye soli. Hilo unaweza kulipata jipya kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei ya chini sana kuliko buti la mlima. Kama unaishi mjini na utaitwa kwenye majengo zaidi ya milima, anza na hilo, pamoja na glavu za ngozi za mafundi wa kuchomelea na barakoa ya vumbi ya kiwango cha FFP2. Kile kitambaa cha bluu cha hospitali hakizuii vumbi la saruji.

Nguo ni rahisi, kwa kuwa hapa mtumba ni rafiki wa kweli. Acha jinzi nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito, haikauki, na inanyonya joto la mwili. Kila unapopanda mita 1,000 joto la hewa hushuka nyuzi sita au saba hivi, na mtu aliyelowa huko juu anaweza kutetemeka mpaka akapoteza akili hata kama yuko karibu kabisa na ikweta. Tafuta sweta la sufu au la poliesta, suruali nyepesi ya michezo, na koti la mvua. Koti la mtumba ligeuze ndani nje uangalie utepe uliobandikwa juu ya mishono. Ukiwa unabanduka kama gamba la nyoka, maji yatapita hapo. Duka likuruhusu, mwagia maji kidogo begani.

Ila angalizo moja: koti au begi la mabakamabaka usiliguse, hata kama ni zuri na bei imeshuka. Kwetu Tanzania raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na mwaka 2023 JWTZ liliwataka raia walio nayo wayasalimishe. Kwenye mitumba bado yapo. Chagua rangi ya chungwa, njano, nyekundu, chochote kitakachoonekana kwenye ukungu.

Begi la lita 30 linatosha. Ndani yake mimi nina mita mbili za nailoni nene, ile inayouzwa kwa kupimwa dukani. Inafunika vitu visilowe, na usiku inakuwa paa. Kipande cha godoro la zamani, ukubwa wa kukalia, kwa sababu baridi ya ardhi humla mgonjwa haraka kuliko ya hewa, na lile blanketi la foili la kung'aa halisaidii kama amelala kwenye tope. Maji lita mbili kwenye chupa za soda. Karanga na ndizi. Filimbi ya plastiki isiyo na gololi ndani, maana gololi hukwama ikilowa. Milimani ishara ya kuomba msaada ni milio sita ndani ya dakika moja, unatulia dakika, unarudia; anayejibu hupiga mitatu.

Na kanga. Wanaume wapya hucheka nikiitaja, wakidhani natania. Kanga moja ni kitambaa cha kuning'iniza mkono uliovunjika, ni bandeji ya kubana jeraha, ni kamba ya kufungia banzi, ni pazia la kumsitiri mama aliyepatikana akiwa amechanikiwa nguo. Sijaona kifaa cha dukani cha bei hiyo kinachofanya nusu ya kazi hizo. Jamii moja na hiyo ni viroba viwili vya nafaka: toboa kona za chini, pitisha miti miwili mizima, na una machela ya kumshusha mtu hadi barabarani. Jaribuni kwanza na mwenzenu mzima, mkiwa chini, ili ikichanika mcheke tu.

Simu unayo tayari. Pakua ramani ya eneo lako kwenye programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti, Organic Maps kwa mfano, ungali mjini. GPS ya simu haihitaji mtandao. Inasikiliza setilaiti moja kwa moja. Jifunze kusoma namba za mahali ulipo na kumtajia mtu kwa sauti bila kukosea, kisha hifadhi 112 ya dharura na 114 ya Zimamoto.

Vya kutonunua. Kamba ya mtumba, hapana, na narudia hapana. Huwezi kujua ilimwagikiwa nini wala iliwahi kudaka uzito gani, na watengenezaji wengi wenyewe husema hata isiyotumika iachwe baada ya miaka kumi. Mkanda wa kujifungia kiunoni na karabina, vilevile. Siku utakapofundishwa kamba, timu itakupa yao. Kofia ngumu usinunue iliyotumika, kwa kuwa plastiki iliyopigwa na jua au na tofali haionyeshi. Mpya ya ujenzi yenye alama ya EN 397 ni ya bei nafuu na inakukinga na kinachoanguka kutoka juu, ila mkanda wake wa kidevu kwa kawaida umetengenezwa uachie ukivutwa kwa nguvu, hivyo usiitegemee pale unapoweza kuanguka wewe. Ya mlimani ni EN 12492, nayo ni ghali, inaweza kusubiri. Redio ya mkononi isubiri pia, kwani masafa yanahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kundi lenye redio zake litakupangia.

Walio kando ya ziwa au bahari orodha yao ni nyingine, nami si mtu wa maji. Nitasema tu kwamba ndege ilipoangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 2022, waliofika kwanza walikuwa wavuvi, na mitumbwi yao na makasia. Mwenye fedha ya kitu kimoja huko anunue jaketi la kuelea linalomtosha, alivae akiwa bado nchi kavu.

Buti lile la kwanza bado ninalo, lipo uchi bila soli kwenye rafu ya mafunzo. Kila mgeni namkabidhi akune kwa ukucha lile povu lililobaki. Unga unamwagika mezani, nami nafuta.