Mitishamba ya Kichina na "kulinda ubongo" dhidi ya kiharusi: maana yake nini?

Katika tiba ya asili ya Kichina, kiharusi huitwa zhongfeng, yaani kupigwa na upepo. Msomaji wa Pwani hatashangaa: na kwetu mtu akianguka ghafla, mdomo ukapinda na mkono ukalegea, hakosi wa kusema ni upepo mbaya.

Mwaka 1830 tabibu Wang Qingren alichapisha kitabu chenye dawa inayochemshwa hadi leo, buyang huanwu tang. Aliamini mwili una mafungu 10 ya qi, nguvu ya uhai, 5 kila upande. Yakipotea 5, upande mmoja hupooza. Huanwu ni kuyarudisha hayo 5. Ndiyo sababu mzizi wa huangqi, unaoaminiwa kuongeza qi na unaokatwa vipande vyembamba vya manjano vyenye utamu wa mbali, una uzito zaidi ya mara 5 ya viambato vingine 6 vikijumlishwa. Hivyo 6 kazi yake ni kuifanya damu itembee, na kimojawapo ni nyungunyungu waliokaushwa, ambao Wachina huwaita joka la ardhini.

"Kulinda ubongo" si maneno ya Wang, ni ya maabara za leo. Donge la damu likiziba mshipa, sehemu ya ubongo hufa upesi, lakini ile ya pembeni yake hubaki imezimia kwa muda, haijafa. Kulinda ni kuinusuru hiyo iliyozimia. Katika panya, mitishamba mingi imefanya hivyo. Kwa binadamu habari ni nyingine, na hapa ndipo matangazo mengi ya dawa hunyamaza.

Vidonge vya NeuroAiD, mchanganyiko wa dawa za asili za Kichina, vilijaribiwa Asia kwa wagonjwa wapatao 1,100. Matokeo ya 2013 hayakuonyesha tofauti ya maana baada ya miezi 3. Mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya mchanganyiko mwingine uliojaribiwa China kwa wagonjwa zaidi ya 1,600 waliovuja damu ubongoni, nao haukuwasaidia.

Lakini butilftalidi, kemikali iliyopatikana kwanza katika mbegu za seleri na sasa hutengenezwa kiwandani, ilitoa matokeo bora kwa wagonjwa 1,216 wa China: asilimia 56.7 waliendelea vizuri, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa dawa bandia. Ni tofauti kubwa, nami naifurahia kwa dhati. Ila wagonjwa hao wote walitibiwa pia hospitalini kwa dawa ya kuyeyusha donge au kwa kulitoa kupitia mshipa. Dawa hiyo ya kuyeyusha kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba mshipa haujapasuka. Kwa macho huwezi kujua kama ni donge au ni damu inayovuja, na ukimchemshia mgonjwa kitu cha kusukuma damu wakati mshipa wake umepasuka, unaweza kumzidishia. Hata danshen, mzizi mwekundu unaouzwa sana kwa ajili ya moyo, ukichanganywa na warfarini, dawa ya hospitali ya kuzuia damu kuganda, huongeza hatari ya kutokwa damu.