Mwanafunzi wa sheria katika kesi za wapangaji: dhana potofu na ukweli

"Mwanafunzi kazi yake ni kupanga mafaili."
Si kweli. Marekani, majimbo yana kanuni zinazomruhusu mwanafunzi aliyeidhinishwa kusimama mahakamani chini ya wakili msimamizi, mteja akiwa ameridhia. California humtaka awe amemaliza mwaka mmoja wa sheria, na awe amesoma au anasoma ushahidi na mwenendo wa madai. Asichoweza ni kumshauri mteja kwa kichwa chake. Akiulizwa "nisimamishe kulipa kodi ya nyumba?", jibu ni moja: "Namuuliza wakili, nitakujibu leo." Mpangaji akizuia kodi bila ushauri sahihi anaweza kupoteza nyumba hata kama paa linavuja kweli.

"Anayedaiwa kodi hana kesi."
Dhana hii ndiyo inayoumiza watu zaidi, maana humfanya mpangaji asijitokeze kabisa. Deni pekee halitoshi kumfukuza mpangaji, notisi nayo lazima iwe sahihi. California, notisi ya siku tatu ya kudai kodi haihesabu Jumamosi, Jumapili wala sikukuu za mahakama. Ikikabidhiwa Ijumaa, siku ya kwanza ni Jumatatu na ya mwisho ni Jumatano. Kesi iliyofunguliwa Jumatano hiyo imewahi mno, na ina hoja ya kuiangusha. Vilevile notisi inayodai zaidi ya kodi iliyopo ina kasoro, kwa hiyo chora jedwali la mwezi kwa mwezi: kodi iliyotakiwa, iliyolipwa, tarehe, stakabadhi. Faini za kuchelewa na bili za maji ziweke safu yake. Makosa mengi hutokea hapo: mwanafunzi hunakili jumla ya mwenye nyumba bila kuijumlisha upya.

"Kwanza msikilize mteja, karatasi baadaye."
Huruma inahitajika sana, lakini tarehe haisubiri. Kabla ya maelezo yoyote, chukua majina ya pande zote uhakikishe ofisi haimwakilishi mwenye nyumba. Kisha uliza: umepokea karatasi gani, kwa njia gani, siku gani? Tangu 1 Januari 2025, mpangaji wa California aliyekabidhiwa hati za mahakama mkononi ana siku 10 za kazi za mahakama kuwasilisha jibu. Awali zilikuwa 5. Zikipita, mwenye nyumba anaweza kuomba hukumu bila mpangaji kusikilizwa.

"Maskini hupewa wakili na serikali."
Uamuzi wa Gideon wa 1963, ambao Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa mshtakiwa maskini haki ya wakili, unahusu kesi za jinai tu. New York ndiyo iliyokuwa jiji la kwanza Marekani, mwaka 2017, kuweka sheria ya wakili kwa wapangaji wanaokabiliwa na kufukuzwa.

"Mkisuluhishana, kazi imekwisha."
Soma kifungu kinachosema nini kitatokea mpangaji akikiuka makubaliano. Mikataba mingine inasema awamu moja ikichelewa, amri ya kumtoa mpangaji inatolewa bila kesi kusikilizwa tena. Omba siku za kulipa awamu iliyochelewa ziandikwe, na tarehe za malipo zifuate siku mteja anapopokea mshahara.