Kabla ya P, Tazama Tofauti Yenyewe

Msimu wa tasnifu ukifika, kitengo chetu cha takwimu hapa Dar es Salaam hupokea wanafunzi na watumishi wa afya, kuanzia Temeke hadi Ubungo, wakiwa na majedwali ya SPSS (programu ya kuchambua takwimu) mkononi na swali moja: "P iko chini ya 0.05?" P ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama hakuna mabadiliko ya kweli. Swali ni halali, ila linaulizwa mapema mno.

P tunayoizungumzia hapa hutoka kwenye kipimo cha t cha jozi, kinachotumika watu walewale wanapopimwa mara mbili. Kwanza hukokotoa tofauti ya kila mtu, kisha huuliza: wastani wa tofauti hizo uko mbali na sifuri kuliko bahati tu inavyoweza kuusogeza?

Msingi wa hesabu hii uliwekwa mwaka 1908 na William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, aliyechapisha kwa jina la Student. Mfano wake mmoja ulihusu wagonjwa 10 waliojaribiwa dawa mbili za usingizi, kila mmoja zote mbili. Dawa moja iliwapa wastani wa saa 1.58 zaidi ya nyingine, na mchepuko sanifu wa tofauti hizo, yaani jinsi zilivyotawanyika kuzunguka wastani, ulikuwa saa 1.23. Ukigawa 1.23 kwa kipeuo cha pili cha 10, unapata kosa sanifu la 0.389, yaani kiasi ambacho bahati huweza kuuyumbisha wastani. Gawa 1.58 kwa hilo: t ni 4.06, digrii huru 9 (idadi ya jozi kutoa moja), P takriban 0.003. Data hizohizo zikichambuliwa kana kwamba ni za watu 20 tofauti, P hupanda hadi 0.08. Ndiyo maana tunasisitiza jozi zisivunjwe.

Sasa majedwali. Kwa kipimo hiki SPSS hutoa angalau matatu, na la pili linaponza wengi: lina P yake, lakini ni ya uhusiano kati ya vipimo viwili, si ya mabadiliko. Jibu lako liko katika la tatu. Alama ya kutoa mbele ya t isikutishe. Inategemea kipi kimetolewa katika kipi. Na ukikuta .000, usiandike kwamba P ni sifuri. Andika P chini ya 0.001.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 900 wamepewa elimu ya kupunguza chumvi. Presha ya juu (namba ya kwanza kati ya zile mbili za presha) imeshuka kwa wastani wa mmHg 1, mchepuko sanifu wa tofauti ukiwa 12. t ni 2.5, P takriban 0.01. Kitakwimu matokeo yanatambulika, lakini kwa mgonjwa mmoja mmoja mmHg 1 ni kidogo sana. Kwa watu 36 walioshuka mmHg 4, mchepuko uleule, P ni takriban 0.05 na kiwango cha uhakika cha asilimia 95, yaani masafa yanayokadiriwa kubeba wastani wa kweli, kinaanzia chini kidogo ya sifuri hadi mmHg 8. Kusema hapo kwamba "elimu haikusaidia" ni kosa kubwa. Data hazitoshi kuamua.

Kagua pia kama tofauti zimetawanyika bila mtu mmoja kuvuta wastani wote, hasa sampuli ikiwa ndogo.

Lililo zito zaidi ni chanzo cha mabadiliko. Ukichagua watu kwa sababu presha yao ilikuwa juu siku ile, wengi watashuka wakipimwa mara ya pili hata bila elimu yoyote. Kipimo cha t hakiwezi kuligundua hilo. Linahitaji kundi la kulinganisha, na kundi hilo hupangwa kabla mtu wa kwanza hajapimwa.