Malkia Shōshi na nyumba ya babu mzaa mama

Wanafunzi wangu wa historia ya Japani hudhani malkia wa zama za Heian (794–1185) alikaa tu kasrini akiandikiwa mashairi. Mashairi yalikuwapo, tele. Ila mimi huwataka waulize kwanza: alijifungulia wapi?

Chukua Fujiwara no Shōshi. Baba yake, Michinaga, waziri mwenye nguvu, alimwingiza kasri la Kyoto mwaka 999, akiwa na miaka 12 kwa hesabu ya kwao, ambako mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja. Kaizari Ichijō alikuwa tayari na malkia aliyempenda, Teishi. Mwaka 1000 Michinaga akafanikisha jambo lisilokuwa na mfano: kaizari mmoja, malkia wawili kwa pamoja. Teishi hakuwa na wa kumtetea. Baba yake alikwisha kufa, na kaka yake alikuwa ameonja uhamisho. Mwisho wa mwaka huohuo akafa kwa uzazi.

Uzazi ulihesabiwa najisi isiyostahili kuingia kasrini, hivyo malkia mjamzito alirudi kwao. Mwaka 1008 Shōshi alijifungua katika jumba la baba yake, Tsuchimikado. Mwandani wake, Murasaki Shikibu, ameyasimulia katika shajara yake: chumba kizima kilipambwa kwa nyeupe, watawa wakasoma kwa sauti, pepo wabaya wakapungwa na kupandishwa kwa watu waliowekwa kuwa viti vyao. Uchungu ulipita siku nzima. Wakafika hata kumkata malkia nywele kidogo, kama mtu anayeingia utawani, ili apate kinga.

Akazaliwa mwana. Michinaga hakumwachia, mtoto akamkojolea, na mzee akacheka, akalikausha vazi motoni. Kwangu mimi, siasa nzima ya Heian imo humo. Mtoto anayelelewa kwa babu mzaa mama humjua babu huyo kuliko mtu mwingine, na mwana huyu alipoketishwa kwenye kiti cha enzi mwaka 1016, Michinaga ndiye aliyetawala kwa niaba yake.

Lakini binti hakuwa mpira wa baba. Alimlea Atsuyasu, mwana wa Teishi, na mwaka 1011 Michinaga alipomruka kijana huyo ili mjukuu wake awe mrithi, Shōshi alimkasirikia waziwazi. Kwa siri alisomeshwa na Murasaki mashairi ya Kichina ya Bai Juyi, elimu iliyoonekana kuwa ya wanaume. Baba alifariki mwaka 1028. Yeye aliishi hadi 1074, akiwa amewazika wana wawili na wajukuu wawili, wote makaizari.